Masharubu ya Pini

Naomba nieleweke mapema: mimi si mtu wa kununa. Nikikasirika nasema, nikimaliza kusema narudi kwenye cherehani yangu. Lakini kuna kukasirika, halafu kuna kusimama sebuleni kwako ukitazama familia yako mwenyewe inamkaribisha chai mwanamume aliyechorwa kwenye karatasi, na wewe hapo ulipo hakuna aliyekuuliza kama umekunywa. Na huyo mwanamume ni wewe.

Wacha nianze mwanzo, maana nikianzia hapa mtasema fundi wa watu kachanganyikiwa.

Nyumbani kwetu tuna mchezo wa kuchorana. Jumapili mchana, vyombo vikishaoshwa, tunaandika majina kwenye vikaratasi, tunavitia kwenye sufuria, kila mtu anaokota kimoja na kumchora aliyemwangukia bila kumwambia. Picha zinabandikwa ukutani, watu wanakisia nani ni nani. Hakuna hata mmoja wetu anayejua kuchora, na ndiyo raha yenyewe.

Sheria kaziweka mume wangu. Huyu tunamwita Refa, kwa sababu anachezesha mechi za mtaani, na mechi ikikosekana anatuchezesha sisi. Filimbi haimtoki shingoni hata akiwa anakula. Sheria zake ni hivi: mchoraji hasemi kamchora nani. Aliyechorwa akijitambua naye hasemi, hata kwa kukohoa. Picha isiyotambuliwa inabaki ukutani, na hatuchezi tena mpaka itambuliwe. Atakayevunja sheria, picha inachanwa mbele ya macho yake.

Jumapili hiyo tulikuwa watano. Wifi yangu, dada yake Refa, ni msusi. Yeye alimchora mama yao, yaani mama mkwe wangu. Nywele zilijaa karatasi yote, kila msuko kwa mstari wake, uso ukabanwa kule chini kabisa penye nafasi iliyobaki. Hata hajamaliza kubandika, watu wakasema, "Mama!" Jirani yetu muuza nyama, rafiki wa mume wangu, tunamwita Bucha. Alimchora Refa kamgawa kwa mistari, paja huku, mbavu kule, na pembeni kaandika ipi ya kuchoma na ipi ya mchuzi. Kifuani aliandika "supu tu," basi tukajua ni nani. Mama mkwe alimchora Bucha. Mama mkwe sura anayojua kuchora ni moja, ya marehemu baba mkwe, kwa hiyo kwake kila mtu ni marehemu, unaangalia masikio ndiyo unapata jibu. Mimi nilimchora wifi kwa jinsi ninavyojua: kipande cha mbele, kipande cha nyuma, mikono miwili pembeni, na nafasi ya mshono.

"Kiuno chote hicho changu?" wifi akauliza.

"Kingine ni nafasi ya mshono," nikamwambia, na amani ikarudi.

Ikabaki picha moja. Ilikuwa ya mtu aliyeinama kidogo, macho kayakaza. Juu ya mdomo, vitu vimenyooka, vikali, kimoja kimoja. Shingoni kuna kitu kirefu kinaning'inia mpaka kifuani.

Nilijijua papo hapo. Mimi nikishona nabana pini midomoni, na mtaa mzima unajua. Mikono yangu miwili iko kazini, pini niziweke wapi, puani? Na futi yangu ya kupimia haitoki shingoni, kama filimbi ya mume wangu isivyotoka kwake. Refa alinichora nikiwa kazini. Kazichora pini zote, hata ile iliyopinda ambayo kila siku nasema nitaitupa. Nilifurahi, sifichi. Miaka yote hii nilidhani akipita mlangoni kwangu anaangalia kama chakula kimeiva.

Nikakaa vizuri kwenye kiti nisubiri jina langu.

"Huyu mheshimiwa ni nani?" Bucha akauliza.

"Masharubu hayo," wifi akasema. "Halafu ana tai. Huyu ni mtu wa ofisini."

"Mkubwa wa ofisi," Bucha akasema. "Mdogo hawezi kuwa na masharubu ya hivyo."

Jamani. Watu watano, picha tano, nne zimeshapata wenyewe. Hata kuku angejua! Mama mkwe akaitazama picha, akanitazama mimi, akaitazama tena picha. Nikajisemea, haya, mtu mzima kaona. Akasema, "Anaonekana ana adabu."

Wifi akanigeukia kwa huruma yote aliyonayo. "Jamani, Fundi hakuchorwa! Pole wifi yangu. Kikaratasi chako lazima kilinata kwenye sufuria."

Nikafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, Refa kashanionyesha kadi ya njano.

Tulipobaki wawili nikamkaba. "Waambie ni mimi!"

"Sheria hairuhusu."

"Sheria umeitunga wewe!"

"Ndiyo maana siwezi kuivunja," akasema, na macho yalimlegea, maskini, lakini akashika filimbi yake. "Wape muda. Watakuona tu. Umekaa pale ukutani wazi kabisa."

Basi nikawapa muda. Walichofanya na muda huo ni kumpa yule mtu jina. Wakamwita Mgeni. Na kwa kuwa kaitwa Mgeni, wifi akasema ni aibu mgeni kukaa hana kiti, wakavuta kile kikubwa chenye mito, wakakiweka chini ya picha, na mtu asikikalie. Mimi nilikuwa nakikalia jioni mgongo ukiniuma. Sasa nakaa kwenye stuli. Bucha akawa akija na nyama yetu anakuja na kipande cha maini pembeni, "hiki cha Mgeni." Wanakiweka kwenye sahani mbele ya picha, wanasubiri kidogo kwa heshima, halafu Bucha mwenyewe anakila kwa niaba yake.

Kupaka rangi jiko ndiko kulikonimaliza. Wifi alitaka kijani, mimi nilitaka nyeupe. Nikaeleza sababu zangu vizuri, mwanga, usafi, moshi unaonekana mapema unaufuta. Wifi akainua kidole. "Ngoja kwanza tumsikie Mgeni." Wote wakageuka kutazama ukuta. Refa anatoka jasho.

"Kasema kijani," Bucha akatangaza.

"Hakusema kitu!" nikapiga kelele.

"Fundi, usimkatize mtu akiongea."

Jiko likapakwa kijani. Mimi ndiye Mgeni na mimi nataka nyeupe, na jiko liko kijani mpaka leo. Niambieni, hapo mtu afanye nini?

Nilijaribu. Sikusema neno wala sikukohoa. Nilibana pini midomoni, futi shingoni, nikaenda kusimama chini ya picha, nimeinama vilevile, macho nimeyakaza vilevile. Nikasimama mpaka shingo ikafa ganzi. Wifi akapita na taulo, akasimama, akanitazama.

"Fundi, sogea kidogo," akasema. "Unamziba Mgeni."

Lakini hayo yote ningeyameza. Kilichoniuma hasa ni mama mkwe. Kila asubuhi, baada ya kunawa, alikuwa anavuta kigoda mpaka chini ya picha, kikombe mkononi, anaongea na Mgeni. Anaongea! Chini kwa chini, taratibu, na mara nyingine anacheka peke yake. Chumba changu cha kushonea kinatazamana na sebule, mlango uko wazi, namwona mgongo tu. Cherehani ikilia simsikii, nikiisimamisha nimsikie naye anasimama. Na mimi, mkwe wa nyumba hii, nilikuwa napata nini? Alikuwa akifika mlangoni kwangu ananitazama, anafungua mdomo, anaufunga, anapita. Tangu nimeolewa. Nilishaamua zamani kwamba mama huyu hanipendi, na nilikuwa nimelizoea hilo kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Sasa kumbe maneno anayo tele! Anampa mwanamume wa karatasi, na wivu ukanishika wa kujionea wivu mwenyewe. Sijui kama kuna dawa ya ugonjwa huo.

Nilitaka kitu kimoja tu. Mtu mmoja katika nyumba ile aitazame picha ile aseme, "Huyu ni Fundi." Basi. Kiti wakae nacho.

Halafu akaja dada yake Bucha. Huyu ni mkubwa wake, ana duka la ndoo na masufuria, mwanamke wa kazi zake, hana muda wa kupoteza. Alileta sketi nimpunguzie upindo. Akapita sebuleni, akasimama ghafla mbele ya ukuta.

"Huyu nani?"

"Mgeni wetu," kaka yake akasema.

"Ana mke?"

"Hatujamsikia akimtaja."

"Anaongea sana?"

"Hajawahi kumkatiza mtu tangu aje."

Yule dada akaikunja sketi yake taratibu, akaniwekea mkononi bila kunitazama. "Namtaka," akasema. "Jumamosi nitakuja rasmi tuonane."

Mlidhani kuna mtu aliyecheka? Wifi alipiga vigelegele. Bucha alimkumbatia Refa, akamwita shemeji wa kuoleana, na Refa kakauka kama mlingoti wa goli. Nikamwangalia mume wangu kwa jicho ambalo anajua maana yake. Filimbi ilikuwa mdomoni, hewa ilikuwa haipiti.

"Sasa," wifi akasema, "Mgeni hawezi kuonana na mchumba bila nguo ya maana. Fundi, mshonee suti."

"Vipimo nitavipata wapi?"

"Wewe si fundi? Kadiria."

Nikasema sawa. Mkitaka suti, mtapata suti. Nilichukua kile kitambaa cha kijivu nilichokuwa nimekificha kwa ajili yangu, nikajipima mwenyewe mbele ya kioo, bega, mkono, kifua, kiuno, na kiuno nikakibana makusudi. Nilishona kwa hasira mpaka sindano mbili zikavunjika. Nilijisemea, suti hii duniani itamkaa mtu mmoja tu. Wakiiona, hata kama macho yao yana ukungu, watajua tu. Na wasipojua, nitaichukua ile picha na kuichana mwenyewe, na mchezo wao ufe.

Jumamosi mchana sebule ilifagiliwa mara mbili. Nikasikia dada yake Bucha anaingia, viti vinavutwa, soda zinafunguliwa. Mimi nilikuwa chumbani kwangu, mkono wa kushoto wa koti bado haujashonwa upindo, umeshikwa na pini tu, na nyingine ziko mdomoni. Mama mkwe akatokea mlangoni. Akafungua mdomo. Nikasubiri aufunge.

"Ivae mwenyewe, tuone huo mkono unavyokaa," akasema. "Halafu njoo huku kwenye mwanga."

Hakuwahi kuniambia maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja. Nilishangaa mpaka nikatii. Nikavaa suruali, nikavaa koti, futi shingoni, pini mdomoni, nikatoka.

Sebule nzima ikasimama.

"Mgeni!" Bucha akasema. "Umekuja!"

Nilidhani wananitania. Nikawatazama mmoja mmoja. Wallahi hawakuwa wanatania. Bucha akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Wifi, ambaye asubuhi hiyohiyo kanisuka, akapiga goti akaniletea soda, akanikalisha kwenye kiti chenye mito, chini ya picha yangu. Wakarudi nyuma hatua chache, wakatazama picha, wakanitazama mimi, wakatazama picha.

"Kafanana kabisa," Bucha akasema. "Refa, wewe ni mchoraji, tulikudharau bure."

"Hata suti imemkaa," wifi akasema. "Fundi kakadiria vizuri, lazima aje aone. Fundi! Fundi wewe! Njoo uone kazi yako!" Akaita kuelekea chumba changu mpaka jasho likamtoka. "Huyu naye, tukimhitaji ndiyo haonekani."

Nilikuwa nimekaa mbele yake. Magoti yetu yaligusana. Kuna hasira nimezitaja tangu mwanzo wa habari hii, lakini hii haikuwa hasira. Nilihisi nimepotea, kabisa, nyumbani kwangu, mchana kweupe. Refa alitia mkono mfukoni kutafuta kadi, kwamba labda nimevunja sheria kwa kuvaa, na mama mkwe akamwambia, "Acha. Mtu kujaribu nguo aliyoishona ni kazi yake." Hata hilo wengine halikuwagonga.

Dada yake Bucha akakaa mbele yangu, wanja kapaka, mikono kaiweka mapajani.

"Una watoto?"

"Mm," nikasema, kwa sababu ya pini.

"Unapenda kusafiri?"

"Mm."

"Majibu mafupi," akamwambia kaka yake. "Safi sana. Huyu ndiye."

Mama mkwe akavuta kigoda chake. Akakiweka pale anapokiwekaga kila asubuhi, akakaa, akaweka kikombe sakafuni. Watu wakanyamaza, maana kila mtu anajua huo ni wakati wake na Mgeni.

"Tuliishia wapi?" akaniuliza, sauti yake ileile ya chini. "Eeh. Nilikuwa nakuambia habari za mkwe wangu. Mwaka ule nilipovunjika bega, hakuna nguo niliyoweza kuivaa bila kulia. Siku moja nimeamka, nikakuta gauni limetundikwa mlangoni kwangu. Vifungo vyote mbele, mkono umefunguka mpaka begani, unajifunga kama bahasha. Hakusema kitu. Hakuuliza. Niliona tu siku hiyo nimevaa mwenyewe, kama mtu mzima. Nikalia, lakini si kwa bega."

Nililikumbuka lile gauni. La bluu. Nilidhani hakulipenda, maana hakulitaja hata siku moja.

"Nikaenda mlangoni kwake nimshukuru," akasema. "Nikamkuta ana pini mdomoni. Nikaogopa. Nikimchekesha, atameza. Nikimliza, atameza. Nikasema nitarudi akizitoa. Nikarudi kesho, ana pini. Keshokutwa, pini. Miaka imeenda, Mgeni, kila nikipita pale nina neno, na kila nikimtazama ana pini mdomoni. Ukaja wewe. Nikaona afadhali nikuambie wewe, usiyeweza kumeza kitu."

Kidevu kilianza kunitetemeka, na pini nazo zikatetemeka. Mama mkwe akaona. Akanyoosha kiganja chake chini ya mdomo wangu, kama unavyomfanyia mtoto aliyetia jiwe mdomoni.

"Zitoe, mwanangu," akasema. "Zitoe Fundi, mkwe wangu, nikuambie uso kwa uso."

Refa alipuliza filimbi hiyo mpaka mbwa wa jirani wakaitikia. Aliipuliza huku analia, mkono mmoja kaelekeza katikati ya uwanja kama anayekubali goli, yaani kwenye meza ya soda. "Imetambuliwa!" akawa anapiga kelele. "Imetambuliwa!"

Nikazitema pini kwenye kiganja cha mama mkwe, moja moja. Masharubu yakaisha. Wifi akapiga yowe, akashika kichwa. "Fundi! Ulikuwa wapi wakati wote huu?" Bucha akawa anachungulia nyuma ya kiti aone Mgeni katokea wapi. Dada yake akauliza, kwa haki kabisa, "Kwa hiyo mimi wanja nimepaka bure?" Nikamwambia sketi yake iko tayari na sitamdai kitu, akasema hiyo si sawa na mume, na ni kweli.

"Ulijua lini?" Refa akamuuliza mama yake.

"Siku ileile mlipobandika. Nani mwingine ana pini iliyopinda hivi?" Akaishika ile iliyopinda, akaiinua tuione. "Ningesema, mngeibandua. Ningeongea na nani?"

Halafu akanigeukia. Kiganja kimejaa pini, uso wake uko karibu na wangu kuliko ulivyowahi kuwa. "Asante kwa lile gauni," akasema.

Hapo sasa. Mimi, mwenye mdomo huu mnaousikia tangu mwanzo. Nilikuwa na maneno ya kumwambia mwanamke yule ya kujaza nyumba. Kwamba nilidhani hanipendi. Kwamba bluu niliichagua kwa sababu alishawahi kushika kitambaa cha bluu dukani akakirudisha. Kwamba jiko nililitaka jeupe. Mdomo ulikuwa mtupu, pini haimo hata moja, watu wote wananitazama mimi, usoni, wananiona.

"Mm," nikasema.

Mama mkwe akacheka mpaka pini zikamwagika.